Shule ya kanisa mjini Kampala: nani anaamua mtoto gani aingie?



Kila mwaka shule zinapokaribia kufunga, swali moja huzunguka kambini, kwenye foleni ya maji na mbele ya kanisa: "Nikimpeleka mtoto Kampala, shule ya kanisa itampokea?" Wengine wamesikia kwamba barua ya padri inatosha. Wengine wamesikia kwamba mtoto wa mkimbizi hawezi kuingia bila pesa nyingi. Wako hata waliofikiri kubadili dhehebu ili mtoto apate nafasi.

Karatasi hii inaeleza mambo yanavyokwenda. Isome kabla hujauza mbuzi, kabla hujakodisha shamba lako, na kabla hujamtenga mtoto na ndugu zake.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: mjini Kampala maneno "shule ya kanisa" yanataja shule za aina mbili, na aina hizo hazifanani. Katika aina ya kwanza serikali ndiyo inayowalipa walimu. Katika aina ya pili walimu wanalipwa kwa karo ya wazazi. Ukijua nani anawalipa walimu, utajua nani anaamua mtoto aingie, na anaamua kwa kutazama nini.

1. KWA NINI SHULE INA JINA LA KANISA LAKINI SERIKALI NDIYO INAYOAMUA

Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Mapadri Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879. Waanglikana walijenga kilima cha Namirembe, Wakatoliki kilima cha Rubaga. Baadaye, mwaka 1895, wamisionari Wakatoliki kutoka Uingereza walianza kazi kilima cha Nsambya. Karibu na kila kanisa palijengwa shule. Siku zile kanisa lilikuwa mwenye shule kabisa: liliajiri walimu na lilichagua wanafunzi. Mtoto wa Mkatoliki alikwenda kwa Wakatoliki, mtoto wa Mprotestanti alikwenda kwa Waprotestanti. Mtoto wa Mwislamu alipata shida, na wengine waliombwa kuchukua jina la Kikristo kwanza.

Uganda ilipata uhuru mwaka 1962. Mwaka 1963 sheria mpya ya elimu ilitoa usimamizi wa shule zilizokuwa zikipata fedha za serikali mikononi mwa makanisa, ikauweka mikononi mwa serikali. Kanisa lilibaki na ardhi, jina na heshima ya mwanzilishi. Ndiyo maana hadi leo kwenye kibao cha shule utaona herufi C/U, maana yake shule ilianzishwa na Kanisa la Uganda, yaani Waanglikana, au herufi R/C, maana yake ilianzishwa na Wakatoliki. Herufi hizo zinakwambia nani alianzisha shule. Hazikwambii nani anaruhusiwa kusoma.

Ukitoka Kongo, jambo hili linaweza kukuchanganya. Kule serikali ilichukua shule mwaka 1974, lakini mwaka 1977 ilifanya mapatano na makanisa na kuwarudishia usimamizi. Kwa hiyo shule ya mapatano ya Kikatoliki au ya Kiprotestanti inaongozwa na kanisa, na serikali inalipa walimu. Uganda haikurudisha namna hiyo. Hapa, katika shule inayosaidiwa na serikali, mwalimu mkuu anatumwa na serikali. Askofu hawezi kumwandikia amri ya kumpokea mtoto.

2. AINA MBILI ZA SHULE

Aina ya kwanza ni shule iliyoanzishwa na kanisa na inayosaidiwa na serikali. Iko katika mpango wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Mpango huu ulianza mwezi wa Januari 1997. Mwanzoni ulikuwa kwa watoto wanne tu wa kila familia, baadaye ukafunguliwa kwa watoto wote. Katika mji wa Kampala kuna shule za msingi 79 za serikali, nyingi zikiwa zimeanzishwa na makanisa. Zinasimamiwa na Halmashauri ya Jiji, inayoitwa KCCA, ambayo mwaka 2011 ilichukua nafasi ya baraza la mji la zamani.

Aina ya pili ni shule ya binafsi ya kanisa. Mwenye shule ni parokia, dayosisi, masista, au kanisa la walokole. Kanisa lenyewe linaajiri mwalimu mkuu na walimu, na linawalipa kwa karo, ile ambayo Kongo mliita minervali. Shule hizi ni nyingi. Nyingine ni kubwa na zina mabweni. Nyingine ni vyumba vitatu nyuma ya kanisa la mabati.

Utazitambuaje? Uliza maswali mawili mlangoni: "Hii ni shule ya UPE?" na "Mwalimu mkuu ametumwa na KCCA au na kanisa?" Mlinzi wa mlango mwenyewe mara nyingi anajua jibu.

Angalizo: Wakongo wengi wanaishi Katwe, Nsambya, Makindye na Ndejje. Lakini Ndejje iko wilaya ya Wakiso, si Kampala. Shule za huko haziko chini ya KCCA. Ofisi yake ya elimu ni ya Wakiso.

3. SHULE INAYOSAIDIWA NA SERIKALI INAAMUAJE?

Mwalimu mkuu ndiye anayepokea watoto. Nyuma yake kuna kamati ya shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inalipa kanisa lililoanzisha shule haki ya kupendekeza mwenyekiti na wajumbe kadhaa wa kamati hiyo. Wajumbe wengine wanatoka kwa wazazi, walimu, wanafunzi wa zamani na serikali ya mtaa. Kwa njia hiyo kanisa bado lina sauti: linaangalia nidhamu, sala na majengo. Lakini kamati haina ruhusa ya kuweka sharti la ubatizo.

Mwalimu mkuu anatazama mambo haya:

(a) Umri. Darasa la kwanza, P.1, ni la mtoto wa miaka 6. Shule ya msingi ni madarasa saba, P.1 hadi P.7.

(b) Nafasi. Hili ndilo linalowakataza wengi. UPE ilipoanza, watoto wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka kama milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka 1997, na madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Mpaka leo shule za serikali mjini zina msongamano. Anayekuja mapema anapata dawati. Anayekuja wiki ya tatu anaambiwa darasa limejaa.

(c) Makazi. Mtoto anayeishi karibu anapendelewa, na mwenye kaka au dada shuleni pia. Kwa sababu hiyo shule huomba barua ya mwenyekiti wa mtaa, yaani LC1, inayosema unaishi pale.

(d) Darasa alilotoka. Kuanzia P.2 shule itataka ripoti ya mwaka uliopita na barua ya uhamisho. Ikiwa hakuna, mwalimu atampa mtoto jaribio la kusoma na hesabu.

(e) Chanjo. Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017 inamtaka mkuu wa shule aone kadi ya chanjo kabla ya kumwandikisha mtoto. Usiitupe kadi ya kliniki ya kambini.

Kuhusu pesa: sheria ya mwaka 2008 inakataza kutoza ada ya masomo katika shule ya UPE. Lakini sheria hiyo hiyo inasema chakula, mavazi, matibabu na usafiri wa mtoto ni kazi ya mzazi. Kwa hiyo usiseme, "Nimesikia ni bure, sina haja ya kitu." Utanunua yunifomu, madaftari na kalamu, na mara nyingi utaombwa mchango wa uji au chakula cha mchana. Mjini kila siku ina gharama yake.

4. SHULE YA BINAFSI YA KANISA INAAMUAJE?

Hapa mwenye shule ni huru zaidi kuchagua. Anatazama mambo matatu kwa mpangilio huu: mtihani, karo, halafu kanisa.

Mtihani, ambao watu wanauita intavyuu, ni wa Kiingereza na hesabu. Shule nyingi zinatoza pesa ya fomu kabla ya mtihani, na pesa hiyo hairudi hata mtoto akishindwa. Kwa nini wanapima kwa ukali? Mwisho wa P.7 watoto wote wa Uganda wanafanya mtihani wa taifa, PLE, katika masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Alama ya juu kabisa ni 4, na ya chini ni 36. Mwenye 4 hadi 12 kwa kawaida anapewa daraja la kwanza. Matokeo yanatangazwa, na wazazi wanachagua shule kwa kuyatazama. Shule inayoishi kwa karo inaogopa kushuka. Kwa hiyo inapenda mtoto ambaye tayari anajua, na mara nyingi haipokei mgeni katika P.7, hata P.6. Watahiniwa wa P.7 wanaandikishwa mwanzoni mwa mwaka. Ukija muhula wa pili umechelewa.

Karo hulipwa kwa muhula, na iko mihula mitatu kwa mwaka. Mtoto akishaingia, karo ikikosekana anarudishwa nyumbani. Kabla ya kukubali, zidisha karo mara tatu, ongeza yunifomu na chakula, kisha ujiulize kama utaweza mwaka ujao, na mwaka unaofuata. Mtoto anayeingia shule nzuri kwa muhula mmoja na kukaa nyumbani mihula miwili anapoteza kuliko aliyebaki kambini.

Kanisa lina nafasi yake. Shule ya parokia inaweza kuanza na watoto wa parokia. Barua ya padri au mchungaji inasaidia, hasa kama mko wawili mnaolingana na nafasi ni moja. Vilevile baadhi ya makanisa yanapunguza karo kwa watoto wachache wasio na uwezo. Lakini barua haifuti mtihani wala karo. Usiondoke kambini kwa ahadi ya bursari isiyoandikwa.

Jambo jingine: shule ya binafsi lazima iwe na leseni na iandikishwe na Wizara ya Elimu. Omba uone namba ya usajili, na uulize kama shule ina namba yake ya kituo cha mtihani wa PLE. Isipokuwa nayo, uliza watoto wa P.7 wanafanyia mtihani wapi. Swali hili si la kukosa adabu. Kila mzazi ana haki ya kuliuliza.

5. JE, NIBADILI DINI?

Hapana. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 34, inasema mtoto asinyimwe elimu na mtu yeyote kwa sababu ya imani ya dini. Katika shule za serikali zilizoanzishwa na makanisa utawakuta watoto Waislamu, Wasabato, Walokole na Wakatoliki pamoja. Mtoto atasikia sala asubuhi na atafundishwa somo la dini. Ni vizuri umwambie mapema ili asishangae.

Kama ninyi ni Wasabato, uliza jambo moja kabla ya kuandikisha: je, kuna masomo siku ya Jumamosi? Shule nyingi zinawafundisha P.7 siku hiyo. Kama ninyi ni Waislamu, uliza kuhusu kilemba cha msichana na sala ya Ijumaa. Ni bora kuelewana siku ya kwanza kuliko kugombana katikati ya muhula.

Usimpe mtoto jina jingine wala kadi ya ubatizo isiyo yake ili apokelewe. Jina litakaloandikwa shuleni ndilo litakalokwenda kwenye cheti cha PLE. Likitofautiana na jina lililo kwenye karatasi zenu za ukimbizi, mtoto atapata taabu atakapoomba sekondari, au bursari, au safari ya kwenda nchi ya tatu.

6. LUGHA NDIYO MLANGO WENYEWE

Watoto wengi wa kambini wanashindwa kwa sababu ya lugha, wala si kwa ujinga. Mtoto aliyesoma Kivu kwa Kifaransa anaweza kugawanya na kuzidisha vizuri, lakini akipewa swali la hesabu lililoandikwa kwa Kiingereza anakaa kimya. Mwalimu anamwandika "hajui".

Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unataka P.1 hadi P.3 wafundishwe kwa lugha ya mahali, na kuanzia P.4 Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Lakini Kampala ina makabila mengi, na shule nyingi zinatumia Kiingereza tangu P.1, pamoja na Kiluganda uwanjani. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hiyo ni habari njema kwetu. Hata hivyo, siku ya mtihani wa kuingia, Kiswahili hakitamsaidia mtoto.

Kwa hiyo fahamu mambo haya:

Kwanza, mtoto anaweza kurudishwa nyuma madarasa mawili au matatu. Aliyemaliza mwaka wa tano Kongo anaweza kupelekwa P.3 au P.4. Usimpige wala usimwaibishe. Uliza shule kama atapandishwa akishajua lugha.

Pili, mwombe mwalimu kwa adabu ampe mtoto hesabu za tarakimu tupu, bila maneno. Beba madaftari yake na buletini ya Kongo. Karatasi ya Kifaransa si takataka. Inaonyesha mtoto alikuwa darasani, na tarakimu zake zinasomeka kwa lugha zote.

Tatu, mwaka wa shule Uganda unaanza mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari, si Septemba kama Kongo. Miezi ya Desemba na Januari itumie kumfundisha mtoto Kiingereza hapa kambini. Mjini, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, lililoko Nsambya, limefundisha wakimbizi Kiingereza kwa miaka mingi. Uliza kama kuna nafasi kabla ya kwenda.

7. KARATASI ZA KUBEBA

- Karatasi ya familia ya ukimbizi, ile watu huiita atestesheni, yenye jina la mtoto. Au cheti cha mwombaji wa hifadhi.
- Kitambulisho cha ukimbizi cha mzazi au mlezi.
- Kadi ya chanjo.
- Ripoti ya mwisho, hata kama ni ya Kongo, na barua ya uhamisho kutoka shule ya kambini.
- Cheti cha kuzaliwa, kama kipo. Kama hakipo, onyesha tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye karatasi ya familia.
- Barua ya LC1 ya mtaa unaokaa.
- Picha ndogo mbili za mtoto.

Toa nakala. Karatasi zenyewe rudi nazo nyumbani. Usiiache atestesheni ofisini kwa mtu yeyote.

8. MFANO WA FAMILIA MOJA

Tuseme mama mmoja ana watoto watatu na anafikiri kwenda Kampala kwa dada yake anayekaa Katwe.

Mtoto wa kwanza kuzaliwa ana miaka 13. Alimaliza mwaka wa tano Kongo, kisha alikaa miaka miwili bila shule. Shule ya binafsi ya kanisa ikimpima kwa Kiingereza, itamweka P.3 pamoja na watoto wa miaka 8, au haitampokea kabisa. Huyu ana njia nyingine: masomo ya haraka, yanayoitwa AEP, ambayo yamekuwa yakitolewa katika kambi kadhaa kwa vijana wa miaka 10 hadi 18 waliopitwa na shule. Yanafupisha madarasa saba kuwa hatua tatu, mwaka mmoja kila hatua, na mwisho ni PLE ile ile. Kwa kijana huyu, kubaki kambini penye AEP kunaweza kumfikisha kwenye cheti kabla ya Kampala.

Mtoto wa pili ana miaka 9 na yuko P.3 katika shule ya kambi. Ana ripoti na amezoea Kiingereza kidogo. Huyu anaweza kuhamia P.3 au P.4 katika shule ya UPE ya C/U au R/C iliyo karibu na nyumba ya mama mdogo wake, kama mama atakwenda ofisini kabla muhula haujaanza.

Mtoto wa tatu ana miaka 6. Kwake mambo ni mepesi: kadi ya chanjo, karatasi ya familia, barua ya LC1, na nafasi ya P.1. Atajifunza lugha kwa kucheza.

Unaona kwamba mama ni mmoja, kanisa ni moja, lakini majibu ni matatu. Usiulize tu, "Kampala ni nzuri?" Uliza, "Ni nzuri kwa mtoto yupi?"

9. UKIKATALIWA

Usiondoke kwa hasira, na usitoe pesa chini ya meza. Uliza kwa upole: "Mwalimu, ni sababu gani?" Jibu litakuonyesha njia.

Wakisema darasa limejaa, sheria haiwezi kuongeza dawati leo. Omba jina liandikwe kwenye orodha ya wanaosubiri, na uulize shule ya jirani ya UPE. Wiki ya kwanza ya muhula rudi tena, kwa sababu watoto wengine hawarudi shuleni.

Wakisema mtoto ameshindwa mtihani, omba darasa la chini yake.

Wakisema, "Hatupokei wakimbizi," hapo sheria iko upande wako. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema katika elimu ya msingi mkimbizi atendewe sawasawa na raia. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1951 unasema hivyo hivyo. Mweleze mwalimu mkuu. Asiposikia, nenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kisha kwa ofisi ya elimu ya divisheni. Kampala ina divisheni tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Waweza pia kueleza jambo lako kwa Ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulika na wakimbizi, au kwa InterAid, ambayo kwa miaka mingi imekuwa mshirika wa UNHCR kwa wakimbizi wa mjini.

Ofisi hizi hazitozi pesa. Mtu akikwambia, "Nipe kidogo nikupeleke kwa mkubwa," huyo ni mwizi, hata akizungumza lugha ya kwenu. Karo yoyote ilipwe benki kwenye akaunti ya shule, nawe utunze risiti.

10. KABLA YA KUONDOKA KAMBINI

Mkimbizi ana ruhusa ya kutembea na kuishi Kampala. Lakini msaada wa chakula au wa pesa, shamba na kibanda viko kambini. Anayehamia mjini anatarajiwa kujitegemea kwa kodi ya nyumba, maji na chakula. Kwa hiyo hesabu ya shule haianzi na karo. Inaanza na kodi ya chumba.

Wazazi wengine wanabaki kambini na kumtuma mtoto kwa ndugu mjini. Fikiri sana hapa. Shule itauliza mlezi ni nani, na jina la mtoto haliko kwenye karatasi za mlezi huyo. Andika barua, mwenyekiti wa zoni yako aigonge muhuri, na umweleze mfanyakazi wa ulinzi wa watoto wa kambi kwamba mtoto ameondoka na yuko kwa nani.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Watoto wengine, hasa wasichana, wanaahidiwa shule ya kanisa mjini, halafu wanaamka alfajiri kufua, kupika na kubeba mtoto wa watu, na shule hawaioni. Kabla ya kumkabidhi binti yako, taka jina la shule. Mtu atoe barua ya kupokelewa yenye muhuri wa shule. Asipokuwa nayo, binti abaki kwanza. Akishakwenda, zungumza naye mwenyewe kwa simu, si na mwenyeji wake tu, na umwambie akuletee ripoti ya kila muhula. Ukiwa na wasiwasi kuhusu mtoto yeyote, piga 116. Ni simu ya watoto ya Uganda, na haitozi pesa.

KWA UFUPI

1. Uliza nani anawalipa walimu. Kama ni serikali, mlango ni nafasi, umri na makazi. Kama ni karo, mlango ni mtihani na pesa.
2. Ubatizo si tiketi. Usibadili dini wala jina.
3. Nenda kabla ya Februari, ukiwa na karatasi zote na nakala zake.
4. Fundisha Kiingereza kuanzia sasa, hata maneno matano kwa siku.
5. Tazama kila mtoto peke yake. Kwa mwingine kambi ni bora.
6. Usimpe mtu mtoto wako bila barua ya shule.

Ukimaliza kusoma, usiitupe karatasi hii. Mpe jirani, na asiyejua kusoma umsomee.